Meza ya Mwisho, Karibu na Dirisha

5 Oktoba

Kwa Mdadisi, mtoto wa kaka yangu,

Mimi ni mzima, hofu yangu ni wewe na hayo mabomba yako. Baba yako ameniambia kwamba huko kwenye mtambo wa maji wamekupa ofisi yenye kiti kinachozunguka. Nimemwambia asishangilie mapema, maana wewe tangu utotoni ukipewa kitu kinachozunguka hufanyi kazi.

Nakutania, usinune. Naandika kwa kalamu ingawa simu ninayo. Simu nikiikata maneno yamekwenda zake, na mimi napenda maneno ninayoweza kuyaweka kwenye droo.

Nina shida, na shida yenyewe ni ya fani yako. Karakana yetu imepata kazi kubwa ya kushona sare za shule. Januari shule zikifunguliwa, watoto wawe wamezivaa. Bwana Futi, mwenye karakana (unamkumbuka, yule asiyevua futi yake ya kupimia shingoni, hata msibani alikuja nayo), amesema tukichelewa kazi itapelekwa kwingine na sisi tutapunguzana. Sasa nguo zinatoka kwa mkataji vizuri, zinaingia kwenye cherehani vizuri, halafu mahali fulani zinalala. Zinarundikana mpaka watu wanazikalia wakinywa chai.

Likizo ile uliniambia unasomea mtiririko. Nikakuuliza mtiririko wa nini, ukasema wa chochote: maji, damu, magari, fedha, watu kwenye foleni. Nikasema moyoni, huyu amepata digrii ya kusomea kila kitu. Basi kama ni wa chochote, na sare zimo. Nisaidie, mwanangu, karakana isikwame. Mume wangu alishatangulia, watoto wangu ni nyinyi wa kaka, na asubuhi nikikosa mahali pa kwenda sijui nitakuwa navaa viatu kwa ajili ya nini.

Ni mimi shangazi yako,
mshonaji wa sare zako zote

---

14 Oktoba

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Kiti kinazunguka kweli, lakini nimekifunga kwa kamba, kwa heshima yako.

Swali lako limenifurahisha kuliko kazi niliyopewa na mkuu wangu. Sikiliza. Hapa mtamboni tunaweza kununua pampu kubwa kuliko nyumba, lakini mji utapata maji kwa kadiri ya bomba lililo jembamba kuliko yote njiani. Ukiongeza nguvu nyuma yake unapasua tu mabomba. Damu nayo ni hivyohivyo, ndiyo maana daktari hauulizi moyo peke yake, anaulizia na mishipa. Mwenzangu ninayepanga naye nyumba ni mchumi, naye anasema hata fedha si wingi wake, ni kuzunguka kwake. Noti ileile moja ikipita kwa muuza mboga, ikaenda kwa kinyozi, ikafika kwa fundi viatu, imewalisha wote watatu. Ikilala chini ya godoro haijamlisha mtu.

Kwa hiyo usitafute nani mvivu. Tafuta rundo. Penye rundo, mbele yake tu ndipo penye kizibo. Kaa asubuhi moja uzitazame meza zote, tangu kwa mkataji hadi kwenye pasi, kisha uniandikie nani anafanya nini na nguo zinasubiri wapi. Usinifiche kitu. Mimi nikipewa habari nusu natoa jibu nusu.

Halafu, shangazi, mbona mwandiko wako umelegea? Herufi zako zamani zilikuwa zimesimama wima. Au uliandika ukiwa kwenye basi?

Wako,
Mdadisi

---

26 Oktoba

Mwanangu Mdadisi,

Macho yako hayaachi kitu. Mwandiko umeharibiwa na meza ninayoandikia, ina mguu mmoja mfupi. Nimeukunjia karatasi chini yake na bado inayumba. Achana na meza, tuzungumze ya maana.

Nimefanya ulivyoagiza. Mkataji hana tatizo, mkasi wake unakimbia kuliko mdomo wake, na mdomo wake unaujua. Mabinti wa cherehani wanaunga mabega na mikono, nao hawana tatizo. Wa kola ni mnung'unikaji lakini kazi inatoka. Mpiga pasi yuko mwishoni kabisa, mara nyingi namkuta amekunja mikono anasubiri, pasi inaunguza umeme bure.

Rundo liko kwenye meza iliyo kabla ya pasi, ile ya karibu na dirisha. Pale kazi ni ya mkono: vifungo, na mapindo ya chini ya gauni na suruali. Anayekaa pale ni mama mmoja, mtu mzima. Yupo tangu karakana ilipofunguliwa. Zamani hakuna aliyemfikia. Siku hizi kupitisha uzi kwenye tundu la sindano kunamchukua muda, na vidole vinamtetemeka, anavificha chini ya kitambaa mtu akipita. Wenzake wakimaliza kundi zima, yeye hajafika nusu.

Mambo mawili zaidi, nisije nikaonekana nimekupa habari nusu. Mama huyu huacha pindo pana, ili mtoto akirefuka mzazi alifumue na kulishusha badala ya kununua sare mpya. Hilo nalo linakula muda. Tena anasema akishazama kwenye pindo hasikii redio, hasikii magoti, wala hakumbuki kuwa ni mjane. Anakuja kushtuka jua limeshahama dirisha. Anasema hakuna pengine duniani anapopumzika hivyo.

Basi mtaalamu, afanyweje? Sema kweli tupu. Usimwonee haya, humjui.

Shangazi yako

---

4 Novemba

Shangazi,

Ahsante kwa habari kamili, ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa alama zote.

Jibu liko wazi. Kizibo ni yule mama. Akiendelea kukaa pale, hata mkileta cherehani mpya kumi mtakuwa mnaongeza urefu wa rundo tu. Mweke kijana mwenye macho mazuri, apewe na msaidizi wa vifungo, na mapindo yawe ya kawaida. Wazazi watanunua sare nyingine, ndiyo biashara. Mkifanya hivyo wiki hii, Januari mnaifikia mkiwa mnacheka.

Najua mnamwonea huruma. Lakini fikiria, shangazi: kwa ajili ya vidole vya mtu mmoja, watu wote wa karakana wakose kazi? Mahesabu hayana mjomba wala shangazi. Tena mtakuwa mmemfanyia hisani. Mtu wa umri huo anahitaji kupumzika kwake, anywe chai, aangalie wajukuu. Mwambieni kwa upole, mpeni na zawadi.

Usilibebe wewe, mwambie Bwana Futi ni ushauri wa mtaalamu. Nakuomba tu ulifanye haraka. Sitaki shangazi yangu apunguzwe kazi kwa sababu ya mtu mwingine.

Wako anayekupenda,
Mdadisi

---

10 Novemba

Kwa Bwana Futi, mwenye karakana,

Salamu. Nimekuandikia kwa sababu nikikwambia ana kwa ana utaanza kuzungumzia mambo mengine, nami nitakuachia uzungumze.

Tangu leo sitakuja kazini. Rundo lililo mbele ya pasi ni langu. Unalijua, mabinti wanalijua, na wote mmekuwa mkilizunguka kimyakimya kama mtu anayezunguka mbwa aliyelala mlangoni. Nimemuuliza mtu anayejua mambo haya bila kumwambia kuwa ninayemuulizia ni mimi, naye amenijibu bila kupindisha. Ana haki. Mweke pale yule binti mwembamba wa cherehani ya tatu, ana macho na ana subira.

Kastabini yangu, ile kofia ya kidole, nimeiacha kwenye droo ya meza. Yeye ana kidole chembamba, aijazie kitambaa kidogo ndani.

Usije nyumbani kunibembeleza. Ukija nitakupa chai, kisha nitakufukuza.

Dada yako mkubwa, wa dirishani

---

23 Novemba

Mdadisi wangu,

Kazi inatiririka! Ungeiona ungejisifu mpaka kiti kikafungue kamba chenyewe. Rundo limekwisha. Pasi haipumui. Ukisimama ng'ambo ya barabara unaziona nguo zikipita dirishani moja baada ya nyingine, na yule binti aliyewekwa pale hata kichwa hainui.

Yule mama alitoka mwenyewe, hakusukumwa. Usiwe na wasiwasi naye.

Mimi ni mzima. Nimepata nafasi ya kusafisha kabati, nimeliosha mara mbili. Nimekuta gauni lako la darasa la kwanza. Lile pindo tulilishusha mpaka likaisha, na wewe bado ukawa unarefuka tu, tukaliongezea kitambaa cha rangi nyingine na ukalia kwamba watakucheka. Nimelipasi nikalirudisha.

Kula vizuri. Usiandike mara kwa mara kama una kazi nyingi, nitaelewa.

Shangazi yako

---

3 Desemba

Shangazi mpenzi,

Nimeisoma barua yako nikapiga makofi peke yangu ofisini! Nimewasimulia wenzangu kisa cha karakana wakati wa chakula. Mkuu wangu amekipenda hadi ameniomba nikitumie kuwafundishia wafanyakazi wapya. Nimechora picha: meza zote kwa mstari, mishale ikipita, na kwenye ile ya mwisho nimepiga alama kubwa nyekundu, nikaandika juu yake KIZIBO. Wote wameelewa mara moja. Kuna mmoja aliuliza huyo mama aliishia wapi, wenzake wakamcheka.

Unaona jinsi kitu kimoja kinavyoeleza vyote? Bomba, mshipa, noti, sare.

Mdadisi

Nyongeza: Mbona unaziangalia nguo kutoka ng'ambo ya barabara? Au Bwana Futi siku hizi anawaruhusu kutembeatembea?

---

8 Desemba

Binti yangu,

Hunijui sana, mimi ni Bwana Futi wa karakana. Anwani yako nimeipata nyuma ya bahasha zilizobaki kwenye droo ya meza ya dirishani. Barua zenyewe sijazigusa.

Shangazi yako hajakwambia, nami najua akigundua kuwa nimekwambia mimi ataninyima hata ile chai. Lakini imenishinda kunyamaza. Mama wa dirishani ndiye yeye. Aliacha kazi mwezi uliopita kwa barua, akasema amepata ushauri kwa mtu anayejua. Nilipoziona bahasha zako nikamjua mtu huyo ni nani. Sikulaumu. Hesabu yako ni sahihi na sare zitawahi. Mimi mwenyewe nilipoisoma barua yake nilishusha pumzi, na pumzi ile ndiyo inayoninyima raha hadi leo. Ni yeye aliyenifundisha kushika mkasi.

Kila asubuhi anavaa viatu, anakuja, anasimama ng'ambo ya barabara chini ya kibanda cha mtengeneza saa, anatutazama. Nikitoka kumwita anajifanya anauliza saa. Muuza chai wa getini ameniuliza mara kadhaa yuko wapi mteja wake wa kwanza, maana alikuwa akinywa yeye na kuwanunulia wale mabinti. Sasa mabinti hawanywi na birika linarudi nusu. Karakana inakwenda mbio na haina maneno ndani yake.

Jambo lingine, labda litakuambia kitu wewe uliyesoma. Watu huja na nguo za kurekebisha: koti limechanika bega, gauni la marehemu mama yake, mtu anataka limkae yeye. Tunawarudisha mlangoni. Mstari wote hauwezi kusimama kwa ajili ya koti moja. Zamani nguo hizo alikuwa akizipokea yeye na kuzifanya katikati ya kazi nyingine. Nadhani nazo zilikuwa sehemu ya lile rundo.

Sijui nifanyeje. Nikimrudisha mstarini, tutarudi tulikotoka, na yeye hatakubali.

Bwana Futi

---

13 Desemba

Shangazi yangu,

Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Bwana Futi ameniambia. Mgombeze ukitaka, ila mpe chai.

Nimelia, shangazi. Nilikwambia mahesabu hayana shangazi, na wewe ukaisoma sentensi hiyo ukiwa umekaa peke yako, ukaikunja, ukatii. Nilikwambia ukaangalie wajukuu. Nimekuchora nikakupiga alama nyekundu, nikawapa watu wakucheke. Picha ile nimeichana, lakini haitoshi. Nisamehe, na ikiwa huwezi kwa sasa, nitasubiri.

Sitakuongopea kwamba hesabu ilikuwa na kosa. Haikuwa nalo. Ungejua nimekudanganya. Ila niliuliza nguo zimekwama wapi, nikasahau kuuliza ni nani aliyekaa hapo, na nini kitakwama nikimwondoa. Birika la muuza chai sikulihesabu. Asubuhi zako sikuzihesabu.

Sasa nikwambie kitu cha hapa mtamboni ambacho nakipita kila siku. Maji yanapotoka mtoni yana tope. Kabla hayajaenda popote tunayaingiza kwenye bwawa pana, na pale kazi yetu yote ni kuyazuia yasikimbie. Yakitembea polepole, tope linazama lenyewe. Tukiyaharakisha, mji mzima unakunywa tope. Mtu asiyejua angelitazama bwawa lile aseme maji yamekwama. Nami ningemcheka, mimi mwenye kiti kinachozunguka!

Karakana haina bwawa. Ndiyo maana wenye makoti yaliyochanika wanarudishwa mlangoni. Nimemwandikia Bwana Futi atoe meza moja kwenye mstari, aiweke penye dirisha la upande wa pili, na nyuma yake asiwepo mtu anayesubiri. Kazi zote zisizotaka haraka zije hapo. Yeye anasema anakuhitaji wewe kwenye meza hiyo. Kama ni huruma utaijua mwenyewe, huruma unaijua harufu yake kuliko mimi.

Pamoja na barua hii nimetuma ovaroli yangu ya kazi. Imenaswa na valvu ya bomba ikapasuka gotini, na miguu yake ni mifupi. Mafundi wa hapa wameniambia ninunue nyingine. Sitaki nyingine. Sina haraka nayo, kweli kabisa.

Nakupenda,
Mdadisi

---

4 Januari

Mdadisi, mtoto wa kaka yangu,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu kwanza nilikasirika. Nilimkasirikia Bwana Futi kwa umbeya wake, nikakukasirikia wewe kwa kulia, maana ulipolia na mimi nikalia, na nilikuwa nimejizuia tangu Novemba. Usiombe msamaha tena. Uliniomba nisikufiche kitu, nikakuficha mtu mzima. Nilikuletea swali limevaa nguo za mtu mwingine, ukajibu nguo. Nilitaka mtu aseme kweli ile ambayo wao walikuwa wanaizunguka, na nilitaka uwe wewe, ili iniume mara moja tu.

Meza ilihamishwa. Niliendelea kusimama kwa mtengeneza saa kama kawaida, nikaona wanaibeba, nikajiambia siendi, mimi si wa kuonewa huruma. Kisha akaja mzee mmoja na koti la kijivu lililofumuka bega. Nikamwona Bwana Futi anamwonyesha kiti mbele ya meza ile tupu. Mzee akakaa. Bwana Futi akarudi ndani kufanya mambo yake, hata barabarani hakutazama. Mzee wa watu akasubiri, akafungua gazeti, akalimaliza, akaanza kulisoma upya. Ningefanyaje? Nikavuka.

Yule binti mwembamba alinirudishia kastabini, na kitambaa bado kimo ndani. Nilikitoa mwenyewe.

Koti lilinichukua hadi jioni. Hapakuwa na rundo nyuma yangu. Mzee alikwenda akarudi, akalivaa, akainua mkono juu akaushusha, akasema, "Hili lilikuwa la kaka yangu." Basi. Ndani ya kazi ile nilizama, mwanangu. Nilishtuka jua limehamia kwangu, maana dirisha hili ni la upande wa jioni. Muuza chai alikuwa amesimama na kikombe sijui tangu lini, chai imeshapoa, na bado akataka nilipe.

Watoto wamepita leo wakienda kufanya usafi wa madarasa, wamevaa sare zetu. Zimewahi, na ni kwa akili yako, usiache kuichora picha ile. Ila mapindo ni membamba. Wazazi watakuja kulalamika mwakani, nami nitakuwa hapa.

Ovaroli yako inakuja na barua hii. Goti nimelitilia kiraka kwa ndani. Miguu nimeiunga kitambaa cha rangi nyingine, na safari hii usilie. Chini nimeacha pindo pana. Unajiona umekua, lakini mimi nimezisoma barua zako tangu Oktoba, bado unarefuka.

Utaona mwandiko huu umeyumba kuliko ule wa mwanzo. Nimeandika hapa karakanani, kwenye meza yangu mpya, Bwana Futi ameipima miguu yote minne kwa futi yake na iko sawasawa. Hata ile ya nyumbani haikuwa na kasoro, mwanangu. Ni mkono.

Shangazi yako,
wa dirisha la jioni